Gari la Spoti Katika Nyumba Yenye Watoto

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi hulicheka, lakini limewahi kuwalaza watu wawili chini ya blanketi moja bila kusemezana. Nalo ni hili: mmoja wenu anatamani gari la raha, gari lenye mbio, gari ambalo akilitia ufunguo moyo wake unafurahi, na mwingine anawaza karo, kodi ya nyumba, na watoto watatu wa kupelekwa shule asubuhi. Nani ana haki? Je, yawezekana wote wawili wakawa na haki?

Mara nyingi ni bwana anayetamani, lakini si kila mara. Wako akina mama wanaopenda usukani kuliko waume zao. Kwa hiyo kila tutakaposema “mwenye kutamani”, usimtazame mwenzako kwa pembe ya jicho. Huenda ni wewe.

Tamaa hii imetoka wapi?

Kwanza tuseme wazi kwamba kupenda gari zuri si utoto wala si uovu. Sisi Wakenya tumekua na mbio za magari. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na watu waliamka usiku kwenda kusimama kando ya barabara ya vumbi ili tu waone magari yakipita. Gari la Datsun 240Z, ambalo ni gari la spoti la viti viwili, lilishinda mwaka wa 1971 na tena mwaka wa 1973, mwendeshaji wa mara hii ya pili akiwa Shekhar Mehta wetu. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda akiendesha Subaru Impreza. Mashindano hayo yalitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002, yakarudi mwaka wa 2021 huko Naivasha, na watu walijaa kama zamani. Basi mtu aliyebebwa na babake mabegani kutazama magari hayo, ni ajabu gani akitamani lake?

Kwa hiyo wewe usiyetamani, usianze kwa kumcheka mwenzako. Ukimwambia, “Umezeeka, acha mambo ya vijana,” hutakuwa umeondoa tamaa. Utakuwa umeificha tu, na tamaa iliyofichwa hutafuta njia yake. Siku moja utaona gari limeegeshwa mlangoni, na mkopo ambao hukuujua.

Na wewe unayetamani, usimwite mwenzako mchoyo kwa sababu anauliza bei. Anayeuliza bei anailinda nyumba yenu, na katika nyumba hiyo wewe pia unalala.

Zungumzeni kabla ya kutazama

Kosa kubwa ni kuanzia kwenye yadi ya magari. Gari likishaoshwa, likapakwa mafuta ya kung'arisha magurudumu, na muuzaji akakuachia ufunguo, akili hutoka na moyo hubaki peke yake. Anzieni nyumbani, jioni watoto wakishalala, mkiwa na kalamu na karatasi. Jibuni maswali manne.

La kwanza: ni watu wangapi hupanda gari letu kila juma? Msihesabu watoto peke yao. Mhesabu na nyanya yao anayekuja kliniki kila mwezi, na mtoto wa jirani mnayemchukua njiani kwenda shule.

La pili: gari hili litapita wapi? Lami ya mjini ni jambo moja. Matuta ya mtaani, mashimo wakati wa mvua, na ile kilomita tatu ya murram kufika kwa wazazi mwezi wa Desemba ni jambo jingine.

La tatu: je, hili litakuwa gari la pekee au la pili? Nyumba yenye gari moja na nyumba yenye magari mawili hazichagui sawasawa.

La nne: mwenye kutamani anatamani nini hasa? Swali hili wengi hulipita, nalo ndilo lenye kufungua mlango. Mmoja atasema, “Napenda gari linaloshika barabara kwenye kona.” Mwingine, “Napenda sauti ya injini.” Mwingine, “Napenda kubadilisha gia kwa mkono wangu.” Na mwingine, akisema kweli, atakiri, “Nataka wenzangu kazini wanione.” Hizi ni haja tofauti na dawa zake ni tofauti. Anayependa kona na gia aweza kuridhika na gari la kawaida lililotengenezwa vizuri. Anayetaka kuonwa hataridhika na gari lolote, kwa sababu mwaka ujao mwenzake atanunua kubwa zaidi.

Aina tatu za magari ya raha

Mkishajibu maswali hayo, sasa twaweza kuyatazama magari yenyewe. Tuyagawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni gari la viti viwili. Mfano wake mzuri ni Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1989. Ni gari jepesi, lenye uzito wa kama tani moja, na wanaojua magari hulisifu kwa raha ya kuendesha bila injini kubwa. Lakini halina kiti cha nyuma hata kidogo, na buti ya toleo lake la nne hubeba lita 130 tu, yaani mifuko miwili ya safari. Tumbo lake liko sentimita 13 hadi 14 hivi kutoka ardhini, kwa hiyo matuta ya mtaani yatalikwaruza. Kwa bwana na bibi ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea, au wenye gari jingine la kazi, ni gari zuri la Jumamosi. Kwa nyumba yenye gari moja na watoto, halifai. Msijidanganye kwamba “tutapanga zamu.” Siku mtoto atakapougua usiku, hakuna zamu.

Fungu la pili ni gari lenye viti vinne kwa jina. Toyota 86 na nduguye Subaru BRZ, yaliyotoka mwaka wa 2012, yana viti vya nyuma, lakini mtu mzima akikaa hapo magoti hugusa kidevu. Milango ni miwili, kwa hiyo kumfunga mtoto mdogo nyuma ni kuinama na kujipinda kila asubuhi, na mgongo wako utalalamika. Mazda RX-8, iliyotengenezwa kuanzia mwaka wa 2003 hadi 2012, ilitatua shida hiyo kwa milango midogo ya nyuma inayofunguka kinyume, na watu wanne hukaa vizuri. Lakini injini yake ya kuzunguka, isiyo na pistoni za kawaida, hunywa petroli nyingi na huchoma oili kwa kawaida yake, na si kila fundi anayeijua. Anayenunua gari hili amenunua pia safari za gereji.

Fungu la tatu ni gari la nyumbani lenye moyo wa spoti. Hili ndilo fungu ambalo ndoa nyingi zingepatana. Volkswagen Golf GTI, iliyoanza mwaka wa 1976, ni Golf ile ile ya kawaida iliyopewa nguvu zaidi. Huwa na milango mitano na viti vitano, na buti ya toleo lake la saba ni lita 380. Subaru Impreza WRX ina milango minne na huvuta kwa magurudumu yote manne, jambo linalosaidia mvua ikinyesha. Subaru Legacy ya turbo yenye mgongo mrefu huchukua watoto, nyanya na gunia la viazi, na bado huyapita mengi mlimani. Na kama njia yenu ina murram na mashimo, Forester yenye turbo ina nafasi ya kama sentimita 22 kutoka ardhini. Hakuna atakayeiita gari la spoti akiiona imeegeshwa, lakini mwenye kuiendesha anajua.

Tazameni tofauti: kati ya sentimita 13 na sentimita 22 ni upana wa kiganja tu. Lakini kiganja hicho ndicho kinachoamua kama mtafika kwa wazazi wakati wa mvua, na kama nyanya mwenye maumivu ya magoti ataweza kushuka bila kuvutwa na watu wawili.

Hesabu ya fedha

Bei ya kununua ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko ndani. Kwa gari linaloagizwa kutoka ng'ambo, sheria yetu haikubali lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Ndiyo sababu RX-8, kwa mfano, haiagizwi tena. Utaipata tu kwa mtu aliye nayo hapa nchini. Juu ya bei ya gari kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa ambao hupanda injini ikizidi ukubwa wa 1500, na kodi ya VAT ya asilimia 16. Ombeni hesabu yote iandikwe kabla ya kulipa hata senti.

Kisha kuna gharama za kila mwezi. Tuchukue mfano. Nyumba inayoenda kilomita 1,200 kwa mwezi, gari likienda kilomita 14 kwa lita moja, itahitaji lita 86 hivi. Gari la turbo likienda kilomita 8 kwa lita, itahitaji lita 150. Tofauti ni lita 64. Zidisheni hizo lita 64 kwa bei iliyobandikwa kwenye kituo cha petroli leo, halafu zidisheni tena kwa miezi 12. Andikeni jibu hilo kwenye karatasi, na kando yake andikeni karo ya muhula mmoja. Sasa mna jambo la kuzungumza, si jambo la kugombania.

Ongezeni na bima. Bima kubwa hulipwa kwa kadiri ya thamani ya gari, na kampuni nyingine hudai zaidi kwa gari la mbio. Ongezeni magurudumu: Subaru za kuvuta kwa magurudumu yote hutaka yote manne yawe ya ukubwa mmoja na yaliyolika sawa, kwa hiyo moja likipasuka huenda mkanunua manne. Golf GTI yenye giaboksi ya klachi mbili hutaka mafuta ya giaboksi yabadilishwe kila kilomita 60,000. Na injini ya turbo haisamehi oili iliyochelewa.

Twapendekeza kanuni moja nyepesi. Kabla ya kununua, wekeni kando kwa miezi sita kiasi kile mtakachotumia zaidi kila mwezi kwa gari jipya: petroli, bima, matengenezo na mkopo kama upo. Kama miezi sita imepita na nyumba haikukosa kitu, mnaweza. Kama mwezi wa tatu mlizichukua fedha hizo mkanunua unga, mmepata jibu lenu, na hakuna mtu aliyemkataza mwenzake. Hesabu imesema. Tena mkiwa mmefaulu, mna akiba ya miezi sita mkononi.

Usalama wa watoto

Mtoto mchanga hukaa katika kiti chake akitazama nyuma ya gari, na hawekwi kamwe hivyo mbele ya mfuko wa hewa ambao haukuzimwa. Mfuko huo ukifumuka humpiga kwa nguvu ya kuweza kumwua. Watoto mahali pao salama ni kiti cha nyuma. Kwa hiyo katika gari la viti viwili, kama mfuko wa hewa wa abiria hauwezi kuzimwa, mtoto mchanga hana nafasi kabisa.

Mnapokwenda kutazama gari, bebeni viti vya watoto na mvifunge humo humo yadini. Tafuteni vishikizo vya ISOFIX kati ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma. Ni vyuma viwili vinavyoshika kiti cha mtoto bila kutegemea mkanda. Kama mna watoto watatu wadogo, jaribuni viti vitatu kwa pamoja, kwa maana magari mengi yanayoandikwa “abiria watano” hayawezi kuvipokea vitatu kwa upana. Muuzaji akiona haya, mwacheni aone. Si yeye atakayebeba mtoto mapajani.

Sasa kuhusu mbio. Mwendo wa mjini umewekewa kilomita 50 kwa saa, na gari kuwa na nguvu hakubadilishi sheria hiyo. Ukienda kilomita 50 kwa saa, kwa sekunde moja ya kushtuka kabla ya kukanyaga breki umekwisha kwenda mita 14. Ukienda 100, ni mita 28. Na nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne. Mwili wa mtoto haujui kwamba gari ni zuri.

Hapa wenzi waweke agano: watoto wakiwa ndani, gari huendeshwa kama basi la shule. Mwenye kutamani mbio akikiri agano hilo mwenyewe, hofu ya mwenzake hupungua nusu. Na akitaka kujua gari lake laweza nini, atafute mahali palipofungwa na kuruhusiwa, si barabara ya Naivasha Jumapili jioni.

Kulichunguza gari

Msinunue gari la turbo bila fundi wenu, asiyejulikana na muuzaji. Gari liwashwe likiwa baridi, asubuhi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ulizeni kuhusu mkanda wa injini: injini za Subaru za jina la EJ hutumia mkanda wa mpira, na katika zile za turbo ukikatika vali hugongana na pistoni na injini ikafa. Injini za FA20 zilizofuata hutumia cheni.

Ogopeni gari lililobadilishwa sana: springi zilizokatwa ili likae chini, ekzosi ya kelele, turbo kubwa kuliko ya kiwandani. Mara nyingi gari hilo limechapwa na kijana, na sasa linauzwa kwa baba wa watoto. Gari la asili lililotunzwa na mtu mzima ni bora, hata kama rangi yake imepauka. Tena hakikisheni logibuku haina deni la benki, na malipo yapite benki.

Halafu bwana na bibi wote wawili waliendeshe. Wengi husahau hili. Klachi ikiwa ngumu mno kwa mmoja, au kiti kikiwa chini hata asione bampa, basi mmenunua gari la mtu mmoja kwa fedha za wawili. Siku ya dharura, yeye ndiye atakayekuwa nyumbani.

Msipokubaliana

Itakuwaje mkiwa mmefanya haya yote na mmoja akabaki na “hapana”? Isichukuliwe kama matusi, wala isijibiwe kwa kununua kwa siri. Gari lililonunuliwa kwa siri, hata liwe zuri namna gani, kila likiwashwa humkumbusha mwenzako kwamba hakuaminiwa. Hakuna fundi wa kutengeneza hilo.

Lakini “hapana” nayo isiwe ya milele bila sababu. Mwenye kukataa aseme anaogopa nini. Akisema, “Naogopa ajali,” jibu lake ni agano la mwendo na gari lenye mifuko ya hewa. Akisema, “Naogopa deni,” jibu lake ni ile miezi sita. Akisema, “Naogopa utakuwa na gari kila Jumapili na sisi tutabaki nyumbani,” basi sikiliza vizuri, bwana, kwa maana hapo habari ya gari imekwisha. Anakuomba uwe naye.

Na mwenye kutamani akubali kungoja. Mtoto wa mwisho akitoka kiti cha watoto, nafasi hupanuka. Karo ya mmoja ikiisha, mkoba hupumua. MX-5 ambayo leo ni upumbavu, miaka kumi ijayo yaweza kuwa gari ambalo ninyi wawili mtalifungua paa na kwenda kuona machweo, watoto wakiwa wameenda zao. Kuna bibi wengi waliokataa kwanza, kisha wakawa wa kwanza kuuliza ufunguo uko wapi.

Chagueni basi gari ambalo kila aliyemo ndani, kutoka mwenye usukani hadi mdogo aliyefungwa mkanda nyuma, aweza kushuka akiwa amefurahi. Likipatikana lenye mbio pia, heri yenu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kila mmoja aseme kwa sentensi moja: gari ninalolitamani lingenipa nini ambacho sina sasa?

2. Je, kuna fedha tunazotumia ambazo mmoja wetu hajui habari zake?

3. Tukihesabu watu, njia na mizigo ya juma hili, ni fungu gani kati ya yale matatu linalotufaa leo? Na baada ya miaka mitano?

4. Tunakubaliana mwendo gani watoto wakiwa ndani, na nani ana ruhusa ya kumkumbusha dereva?